Shati la mtoto wa miaka saba linanuka kwapa: je, amebalehe?

Jumamosi asubuhi mama anafua sare za shule. Anaokota shati la mwanawe wa darasa la pili, analigeuza nje ndani, na pua inamsimamisha. Si harufu ya vumbi wala ya mpira wa jana jioni. Ni kikwapa, kile cha mtu mzima aliyebanwa kwenye daladala saa nane mchana. Anamwita mtoto, anamwinua mkono, anakagua. Vinyweleo viwili vitatu, vyembamba kama uzi. Jioni ujumbe unatua kwenye kundi la akina mama: "Jamani, wangu ana miaka saba tu, ndiyo kashabalehe?" Majibu yanamiminika. Kuku wa kisasa. Chipsi. Maziwa ya pakiti. Mmoja anashauri limau na shabu.

Shabu haina ubaya. Kuhusu balehe, uwezekano mkubwa ni kwamba mtoto huyo hajaifikia wala hajaikaribia. Mwili wake umeanza jambo jingine, lenye ratiba yake na kiwanda chake, ambalo hutangulia balehe kwa miaka miwili, mitatu, hata zaidi. Shida ni kwamba linakuja na alama zilezile tunazozihusisha na balehe: jasho zito, vinyweleo, pengine chunusi moja kwenye paji la uso.

Lugha nayo inatuchanganya kidogo. Tunasema msichana "amevunja ungo", na ungo ukishavunjika umevunjika. Ni habari ya siku moja, somo anaitwa, mafunzo yanaanza. Mvulana akishaambiwa amebalehe, kuanzia hapo anahesabiwa na wakubwa. Wanazuoni wa fiqhi, ambao walihitaji mstari ulionyooka kwa ajili ya hukumu, walifika kwenye nywele wakagawanyika: Hanbali walizihesabu nywele ngumu za sehemu za siri kuwa alama ya balehe, Hanafi wakakataa. Ukiijua biolojia iliyo chini ya ubishi ule, unaona kila upande ulikuwa umeshika kitu. Mwilini hakuna mlango mmoja wa kuvuka. Kuna saa kadhaa zimetundikwa ukutani, kila moja na betri yake, na kwa watu wengi zinapiga kwa kukaribiana kiasi kwamba tumezoea kudhani ni saa moja.

Mtu aliyesaidia sana kuzitenganisha ni Fuller Albright, daktari wa Boston. Mwaka 1942 yeye na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa 11, wanawake wafupi ambao ovari zao hazikufanya kazi. Wengi wetu leo tungeiita hali yao sindromu ya Turner. Matiti hayakukua, hedhi hawakuiona. Lakini nywele za kwapa na za siri, ingawa chache, waliziota. Kama ovari ndizo zinazootesha nywele, hawa walizipata wapi? Kichwa cha makala yao kinatangaza kwamba ndani watatoka kidogo nje ya mada ili wazungumzie homoni za nywele. Huko nje ya mada ndiko kulikokuwa na jambo kubwa.

Jibu lilikuwa juu ya figo. Kila figo imevikwa tezi ndogo kama kofia, adrenali. Katika gamba la tezi hiyo kuna tabaka la ndani ambalo utotoni ni jembamba mno. Kati ya miaka sita na minane hivi, kwa wavulana na wasichana sawa, linanenepa na kuanza kumwaga homoni inayoitwa DHEA. Yenyewe ni dhaifu, lakini ikifika kwenye ngozi baadhi yake hugeuzwa kuwa testosteroni. Tezi za jasho la kwapani zinaamka, bakteria wa ngozi wanapata chakula, na shati linanuka. Kipindi hiki, ambacho ndicho saa ya kwanza, kinaitwa adrenaki, na ubongo, ovari na korodani bado wamelala fofofo.

Ushahidi kutoka upande wa pili upo pia. Mwanamke mzima ambaye adrenali zake zimekufa kwa ugonjwa wa Addison anaweza kupoteza nywele za kwapa na za siri, ilhali ovari zake zinafanya kazi kama kawaida. Na kwa kuwa panya wa maabara hawatengenezi DHEA kwenye adrenali zao, huwezi kuwatumia kulichunguza jambo hili kwa urahisi. Sokwe ndiye anayetukaribia. Hii ndiyo sababu mojawapo ya adrenaki kubaki kuwa binamu asiyejulikana wa balehe, hata kwa watu waliosoma.

Kwenye nywele zenyewe, Kiswahili kinatutendea wema. Vile vinyweleo laini vya mkononi na shavuni, ambavyo huvioni mpaka jua la jioni livipige kwa upande, tunaviita malaika, na kimoja ni laika. Mtu mzima ana vifuko vya nywele takriban milioni 5 mwili mzima, na laki moja hivi tu kati yake ndivyo vilivyo kichwani. Vyote alizaliwa navyo. Hakuna kifuko kipya kinachochimbwa ukubwani. Kwa hiyo kijana anapojitazama kwenye kioo akifurahia ndevu zilizoota, hakuna kilichopandwa. Laika lilikuwa pale tangu siku ya kuzaliwa, jembamba, lisilo na rangi, na sasa limepokea amri ya kunenepa, kuwa jeusi na kukua kwa muda mrefu zaidi kabla ya kudondoka.

Amri inapokelewa chini kabisa ya kifuko, na seli chache zilizokusanyika pale kama jiwe la moto chini ya chungu. Kioja ni kwamba kila mtaa wa mwili unaisoma amri hiyohiyo kwa namna yake. Kwapa na sehemu za siri hazihitaji homoni nyingi, ndiyo maana hata kidogo kinachotoka adrenali kinaweza kuanzisha kazi, na ndiyo maana mwanamke na mwanamume hufanana huko. Kidevu na kifua vinadai zaidi: testosteroni ya kutosha, na tena igeuzwe kwanza kuwa homoni kali zaidi, DHT. Na utosi? Utosi wa mtu mwenye urithi wa upara ukipokea DHT hiyohiyo unafanya kinyume. Unywele mnene unarudi nyuma, mwaka hadi mwaka, mpaka unakuwa laika tena. Mzee mwenye ndevu tele na kichwa king'aacho hana homoni mbili zinazogombana. Ni moja, imesomwa mara mbili.

Mwaka uleule wa 1942 Mmarekani James Hamilton alichapisha uchunguzi wake wa wanaume waliopoteza korodani. Waliozipoteza kabla ya kubalehe hawakuota upara. Alipowapa testosteroni, wenye upara katika ukoo wao walianza kunyonyoka. Matowashi wa zamani, wale wa kwenye majumba ya wafalme, walikuwa wameshatuonyesha nusu ya habari hiyo: kidevu kitupu, nywele za kichwa zimejaa. Nusu iliyobaki ilitoka kijiji cha Salinas, Jamhuri ya Dominika. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza habari za watoto wa kijiji hicho waliozaliwa wakaonekana ni wasichana, wakalelewa hivyo, kisha walipobalehe sauti ikawa nzito, misuli ikajaa, na maumbile ya kiume yakajitokeza. Walikuwa na testosteroni ya kutosha. Walichokosa ni kimeng'enya cha kuigeuza kuwa DHT. Walipokuwa watu wazima ndevu zao zilikuwa chache, upara hawakuujua, na tezi dume yao ilikuwa ndogo. Watengeneza dawa waliisoma habari hiyo kwa makini. Finasteride, dawa inayozuia kimeng'enya hicho, iliruhusiwa Marekani mwaka 1992 kwa ajili ya tezi dume na mwaka 1997 kwa ajili ya upara.

Kwa kuwa tumo kwenye ndevu, siwezi kumruka mtu mmoja. Mwaka 1970 jarida la Nature lilichapisha barua ya mwanasayansi aliyekataa kutaja jina lake, na ukiisoma unaelewa kwa nini. Alikuwa akifanya kazi kwenye kisiwa cha mbali kwa wiki kadhaa mfululizo, mpweke, akirudi bara kwa siku chache. Akagundua kwamba akiwa kisiwani ndevu zinapungua kasi, na akikaribia kurudi kwa mwenzi wake zinaharakisha. Akaanza kukusanya mabaki ya wembe wa umeme na kuyapima uzito kila siku. Mtu mmoja, kidevu kimoja, mizani moja; si ushahidi wa kujengea nyumba. Lakini anadokeza jinsi ndevu zinavyoweza kuitegemea homoni ya siku hiyohiyo.

Na la vijana wanaonyoa kidevu kila siku ili "zije nzito": mwaka 1928 Mildred Trotter alilipima jambo hili akakuta wembe hauongezi unene wala kasi. Unywele ambao haujakatwa una ncha iliyochongoka. Ukiukata katikati, unaogusa kidole ni mti wake ulio butu, na kidole kinadanganyika.

Sasa saa ya pili, ambayo ndiyo balehe yenyewe. Hii iko ndani ya ubongo, kwenye haipothalamasi, na inaendeshwa na seli chache mno, elfu moja au mbili tu, zinazotoa homoni ya GnRH. Seli hizi hazikuzaliwa ubongoni. Mtoto akiwa tumboni zinaanzia puani, zinapanda zikifuata njia ya neva za harufu mpaka kwenye makazi yao. Safari ikikwama, anazaliwa mtu ambaye hatabalehe bila matibabu na ambaye pia hasikii harufu ya vitu. Hali hiyo inaitwa sindromu ya Kallmann. Daktari anayejua kazi yake, akiletewa kijana wa miaka kumi na saba asiye na dalili yoyote, atamwuliza kama anasikia harufu ya kahawa. Familia inabaki inatazamana.

Saa hii hupiga kidogo mapema. Miezi michache ya mwanzo baada ya kuzaliwa, testosteroni ya mtoto wa kiume hupanda kisha hushuka, halafu unakuja ukimya wa miaka. Kinachouvunja ukimya ni mdundo. Mwaka 1978 Ernst Knobil na wenzake huko Pittsburgh walichukua kima aina ya rhesus ambao sehemu hiyo ya ubongo wao ilikuwa imeharibiwa, wakawapa GnRH kwa mpira wa mshipani. Walipoitiririsha bila kusita, pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo inayozipa amri ovari na korodani, ilinyamaza. Walipoitoa dakika sita kila saa, ikaamka na kufanya kazi yake. Miaka miwili baadaye waliwapa kima wadogo wa kike mdundo huohuo, na wale wadogo wakaanza kubalehe. Mdundo ulipokatwa wakarudi utotoni. Yaani kila kitu kilikuwa tayari, kilichokosekana ni mpiga ngoma. Tiba ya watoto wanaobalehe mapema kupita kiasi inatokana na ugunduzi huu. Inasikika kama kichekesho: wanadungwa dawa ya jamii ileile ya GnRH, ila inayokaa mwilini mfululizo, na pituitari iliyozoea mdundo inasusa.

Mpiga ngoma alijulikana mwaka 2003. Kundi moja Ufaransa na jingine Boston, kila moja kwa njia yake, walichunguza koo ambazo baadhi ya watu hawakubalehe. Ukoo waliouchunguza wa Boston ulitoka Saudi Arabia. Makundi yote mawili yaliishia kwenye kipokezi kilekile kilichoharibika, kipokezi cha homoni iitwayo kisspeptini. Jeni ya kisspeptini yenyewe ilikuwa imegunduliwa tangu 1996 na watafiti wa saratani katika mji wa Hershey, Pennsylvania, wakaipa jina la chokoleti maarufu ya mji wao, Kisses. Wala hawakuwa wakiwaza balehe.

Mdundo ukianza, kinachoamka kwa mvulana ni korodani, tena kabla hata ya sauti kukwaruza. Kwa msichana ni ovari, na ishara ya kwanza ya kawaida ni chuchu kuwa na kivimbe. Kwa hiyo daktari wa homoni hatazami nywele kwanza. Ana kidude kilichobuniwa na Andrea Prader wa Zurich mwaka 1966, ushanga wa punje 12 za ukubwa tofauti, kuanzia mililita 1 hadi 25. Kwa mbali ungedhani ni tasbihi. Analinganisha korodani na punje, na punje ya mililita 4 ndiyo mpaka: chini ya hapo mtoto ni mtoto, hata kama kwapa lake lina msitu.

James Tanner, Mwingereza ambaye hatua zake tano za balehe zinafundishwa vyuo vya tiba duniani kote, alilielewa hili. Hatua zake, alizozichapisha na W. A. Marshall mwaka 1969 kwa wasichana na 1970 kwa wavulana, zinatoa alama mbili tofauti kwa mtoto mmoja, ya nywele peke yake na ya matiti au viungo peke yake. Wanafunzi wengi wanazijumlisha kuwa namba moja, na hapo ndipo makosa yanapoanza. Lakini hatua hizo zina doa. Zilitokana na watoto waliolelewa kwenye makao ya Harpenden, kaskazini mwa London, waliopimwa na kupigwa picha bila nguo mwaka baada ya mwaka kati ya 1948 na 1971. Leo hakuna kamati ya maadili ingeruhusu, na ni haki isiruhusu.

Saa ya tatu ni mifupa. Karibu na ncha za mifupa mirefu kuna sahani za gegedu, na humo ndimo urefu unakoongezeka. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba testosteroni ndiyo inayozifunga kwa mwanamume. Mwaka 1994 ikatolewa taarifa ya Mmarekani mmoja wa miaka 28, mwenye testosteroni ya kawaida na ndevu zake, urefu sentimita 204, na bado anarefuka. Picha ya eksirei ilionyesha mifupa ya kijana wa miaka 15. Vipokezi vyake vya estrojeni vilikuwa na hitilafu. Estrojeni, homoni tunayoiita ya kike, ndiyo inayofunga mifupa ya wanaume pia. Mwili wao huitengeneza kutokana na testosteroni. Hapo ndipo wengine tuliosoma vitabu vya zamani tulipolazimika kusahau tulichokariri.

Mifupa inaposoma wakati kwa saa yake, umri wa mkono na umri wa cheti unaweza kupishana miaka miwili bila ugonjwa wowote. Atlasi ya Greulich na Pyle, inayotumika bado kulinganisha eksirei ya mkono wa kushoto, ilitokana na watoto wa Cleveland, Ohio, wa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa 1940. Mashabiki wa soka wanakijua kifundo cha mkono kwa njia nyingine: tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 lililochezwa Nigeria mwaka 2009, FIFA huwapiga wachezaji MRI hapo kuona kama sahani imeshafunga.

Je, watoto wa siku hizi wanawahi? Ndiyo, ila inategemea unaangalia saa gani. Huko Copenhagen watafiti walipima wasichana 2,095 katika vipindi viwili, 1991 hadi 1993 na 2006 hadi 2008. Umri wa kuota matiti ulishuka kutoka miaka 10.88 hadi 9.86, karibu mwaka mzima. Umri wa kuvunja ungo ulisogea kutoka 13.42 hadi 13.13 tu. Na homoni za pituitari hazikutofautiana kwa umri kati ya makundi hayo mawili. Matiti yaliwahi, mpiga ngoma hakuonekana kuongeza kasi kiasi hicho. Uzito wa mwili na kemikali za plastiki vinatajwa sana kwenye mjadala huu. Kuku wa kisasa wa kwenye kundi la akina mama hana takwimu zake.

Turudi kwa yule wa darasa la pili. Madaktari wanaanza kuwa na wasiwasi msichana anapoota matiti kabla ya miaka 8, au korodani za mvulana zinapokua kabla ya miaka 9. Na upande wa pili, msichana wa miaka 13 bila matiti au mvulana wa 14 bila mabadiliko. Vinyweleo na kikwapa peke yake kabla ya umri huo mara nyingi ni adrenaki iliyowahi, na huachwa iendelee. Mara nyingi, lakini kuna watoto wachache ambao adrenali zao zina kasoro ya kimeng'enya tangu kuzaliwa, na homoni za kiume zinafurika. Huyu ndiye mtoto mrefu kuliko wote darasa la tatu, anayewekwa nyuma kwenye picha, ambaye mifupa yake inafunga mapema na akiwa mtu mzima wenzake wote wamempita. Daktari pia atauliza swali ambalo baba huenda asilipende: kuna mtu nyumbani anajipaka jeli ya testosteroni? Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ililazimisha onyo kali kwenye jeli hizo baada ya watoto kuota nywele kwa kukumbatiwa tu na aliyejipaka.

Kinachotofautisha mtoto wa kuachwa na mtoto wa kupelekwa hospitali ni kasi ya urefu, na hiyo haipimwi siku moja. Kadi ya kliniki tunaitunza mpaka mtoto afikishe miaka mitano, kisha inapotelea kabatini. Huko Ufaransa, kuanzia 1759 hadi 1777, bwana mmoja Montbeillard alimpima mwanawe takriban kila miezi sita tangu kuzaliwa hadi miaka kumi na minane, na mchoro wa vipimo hivyo bado umo kwenye vitabu vya ukuaji. Mama wa kwenye kundi anaweza kufanya vivyo hivyo kwa penseli na fremu ya mlango: mtoto bila viatu, visigino vimegusa mbao, kitabu kimelazwa bapa kichwani, mstari, tarehe. Baada ya miezi sita, mstari mwingine. Sentimita 2.5 hadi 3 kati yake, yaani 5 au 6 kwa mwaka, ni mwendo wa utotoni. Zikiwa 4 au 5 kwa miezi hiyo sita, achukue namba zake zote mbili aende nazo kwa daktari.